Njia Inayopita Darini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kioo cha dirisha la jikoni kilikuwa kimelala uani, vipande vyote upande wa nje, na katikati yake birika la chuma lililobonyea ubavuni. Chai ilikuwa bado inafuka mvuke juu ya saruji. Aliyelirusha birika alikuwa mume. Alimlenga mke wake akamkosa, kwa sababu mke alikuwa ameinama kuvaa kiatu.

"Rudia," mume alisema. "Rudia ulichosema."

"Nimesema hazitafika." Mke alimaliza kufunga kamba ya kiatu ndipo akainuka. "Leo nitazipima mbele yako na mbele ya Meneja, na nitaandika nitakachokiona."

"Utaandika nitakachokwambia."

"Basi pima wewe."

Mke alikuwa fundi wa mtandao katika kituo cha data kinachotunza kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali zote za mji. Mume alikuwa na duka la vifaa vya mtandao. Kituo kilikuwa kinanunua moduli mpya za mwendo kasi, vijisanduku vya chuma vya urefu wa kidole vinavyochomekwa kwenye swichi na kugeuza umeme kuwa mwanga, ili mwanga upite ndani ya faiba, waya wa nyuzi za kioo, mpaka chumba cha pili cha swichi. Zabuni ilikuwa imebakiza wauzaji wawili. Mume alileta moduli za masafa mafupi. Mshindani wake alileta za masafa marefu, kwa bei ya karibu mara mbili. Kwa macho zilifanana kama mapacha: umbo moja, plagi moja, nyuzi nane zilezile. Tofauti ilikuwa mwanga unafika wapi kabla haujachoka.

Kwenye faiba ya zamani iliyolazwa kituoni, moduli za mume zilidhaminiwa mita sabini. Vyumba viwili vya swichi vilikuwa vimeachana mita sitini na kidogo, na hesabu ya mume iliishia hapo. Lakini faiba haitambai sakafuni. Inapanda ukuta, inapita darini, inazunguka shimo la lifti, inashuka, na kila mwisho imeachiwa mzunguko wa akiba uliofungwa kwa kamba. Mke alikuwa ametuma mwanga ndani yake akaupima mpaka mwisho. Mita tisini na sita.

Mume alikuwa ameshaziagiza, na zilikuwa zimeshapangwa kiwandani zizungumze na swichi za aina moja tu, zile za kituo. Hakukuwa na mtu mwingine mjini wa kumuuzia. Gari lilikuwa limeuzwa kuzilipia. Makasha yake yalikuwa sebuleni, yamepangana mpaka kimo cha televisheni, na kwa majuma mawili familia ilikuwa inatazama taarifa ya habari kwa kuchungulia.

"Ukiandika hivyo," mume alisema, na sauti yake ikashuka, "nitawaambia nani alinipa sitini."

Ilikuwa kweli. Kabla ya zabuni kufungwa, mezani, mume alimuuliza vyumba vile vimeachana umbali gani, naye akajibu huku anakula: kama mita sitini. Kanuni za kituo zinamkataza mfanyakazi kumwambia muuzaji hata rangi ya mlango.

"Waambie," alisema mke.

Ngumi ilimpata chini ya jicho. Aliangukia jiko, akashika ukingo wake, akaachia haraka kwa sababu lilikuwa la moto. Ya pili ilimpata sikioni. Chumba cha pili cha nyumba, mama mkwe, aliyeishi nao, alinyoosha mkono kwenye redio na kuzungusha kitufe. Kidole chake kidogo cha mkono huo kilikuwa kimepinda tangu ujana wake na hakikuwahi kunyooka. Redio ikapanda. Mtangazaji alikuwa anasoma bei ya saruji, na kwa muda bei ya saruji ilijaa nyumba nzima.

Kipigo kilipokwisha, mume alikwenda kuoga. Mama mkwe aliteremsha redio, akaingia jikoni na ufagio.

"Nilikwambia, mwanangu," alisema. "Mume ni nguo. Ukiichana, utavaa nini?"

"Mama, aliyechanwa ni mimi."

"Ndiyo hayo majibu. Ndiyo hayo yanayokuponza." Alikusanya vipande vya kioo kwenye gazeti. "Sema zimefika. Kwani mwanga utakushitaki?"

Mke alifunika jicho kwa kitambaa cha maji baridi. Mama mkwe alichukua kasha moja tupu la moduli, akalikunjua, akaliziba dirisha kwa karatasi hiyo ngumu na utepe wa gundi. Alifanya kazi safi. Hakuacha hata upenyo.

*

Kituoni, mlinzi wa lango alimtazama usoni akamrudishia kitambulisho. Msumari, fundi mwenzake, mwembamba hivi kwamba alikuwa akipita nyuma ya makabati ya swichi bila kuyasogeza, alisema: "Dada, leo mlango ulikuwa na mikono?"

"Ulikuwa na pete pia."

Msumari aliacha kutabasamu.

Meneja alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake mtu mwingine akiwa anazungumza.

"Umeanguka," alisema.

"Nimepigwa. Na aliyenipiga anakuja saa nne kushuhudia kipimo."

"Mimi nimeona mtu aliyeanguka." Alisogeza kalamu. "Mwenye zabuni ana haki ya kushuhudia. Tulikubaliana upime wewe ijapokuwa ni mumeo, kwa sababu uliandika mapema kwamba ni mumeo, na kwa sababu mwingine mwenye cheti cha kupima hayupo. Sitaki mambo ya chumbani yaingie kwenye chumba cha swichi."

"Sikuyaleta mimi, Meneja. Yamekuja na mimi."

"Paka poda basi. Wakaguzi wa hospitali watapita."

Hakuwa na poda. Katibu wa Meneja alimpa yake, nyeupe kupita ngozi yake kwa rangi mbili, na kwa saa zote zilizobaki za siku hiyo mke alitembea na shavu moja la mtu mwingine.

Mume alifika kwa wakati, amevaa shati lililopigwa pasi na kubeba moduli mbili kwenye mfuko wa kuzuia chaji, na kasha moja la akiba. Alimwamkia Meneja kwa mikono miwili. Alimwamkia Msumari. Alipomfikia mke wake, alimwita "mhandisi."

Chumba cha swichi kilikuwa baridi na chenye kelele ya feni. Kazi hii ina desturi yake: kila plagi huangaliwa kwa hadubini kabla ya kuchomekwa, kwa sababu chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kuziba njia ya mwanga, na muuzaji akishindwa, vumbi ndilo jambo la kwanza analolishitaki. Kwa hiyo mke alimkabidhi mume kalamu ya kusafishia.

"Safisha mwenyewe."

Mume alisafisha. Aliangalia kwa hadubini, akasafisha tena, akamwonyesha Meneja. Nyuso zote nane za nyuzi zilikuwa safi. Alichomeka moduli upande huu, Msumari akaenda kuchomeka nyingine chumba cha pili. Taa ya swichi ikawaka kijani.

"Imewaka!" Meneja alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alionekana mtu mwenye furaha. "Si imewaka?"

"Taa ya friji nayo huwaka, hata friji ikiwa tupu," alisema mke. "Ngoja tuijaze."

Aliwasha mashine ya kutuma mzigo wa data. Mwanzoni hesabu ya makosa ilikuwa sifuri. Kisha ikawa makosa machache, ambayo swichi iliyasahihisha yenyewe. Kisha hesabu ikaanza kukimbia kama mita ya maji bomba likipasuka. Moduli zilipopata joto la kazi, taa ya kijani ilizima, ikarudi, ikazima.

"Hiyo ni kumbukumbu ya mgonjwa," mke alisema bila kumwangalia mtu. "Ikikatika hapo, daktari anaona kurasa nusu."

"Umeikunja faiba," mume alisema.

"Hakuna aliyeigusa."

"Kuna kitu amekifanya, Meneja. Nataka irudiwe."

Ilirudiwa kwa moduli nyingine mbili alizozichagua Meneja kwa mkono wake kutoka kwenye kasha. Taa ilizima mapema zaidi. Kisha zikachomekwa za mshindani, kwenye faiba ileile, kwa mzigo uleule. Walisimama wakaitazama taa. Haikutikisika. Msumari alirudi kutoka chumba cha pili akasimama nao, na watu wanne wakawa wanatazama taa moja ya kijani kama watu wanaosubiri maji yachemke.

Ndipo mume alipolisema. Alilisema kwa Meneja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayelalamikia risiti.

"Nilipewa mita sitini. Huyu ndiye aliyenipa. Mezani kwangu."

Meneja aligeuka. "Kweli?"

"Aliniuliza vyumba vimeachana kiasi gani," mke alisema. "Nilimjibu hilo. Hakuniuliza faiba ina urefu gani. Ndiyo, nilimjibu. Sikupaswa kumjibu."

"Mnaona? Amekiri!" Mume alicheka. "Kikulacho ki nguoni mwako, Meneja. Mimi kimenila, sasa na wewe kinakula."

"Usingepima korido," alisema mke. "Ungepanda darini."

Sentensi hiyo ndiyo iliyomfikia. Alimshika nyuma ya shingo na kumgonga uso kwenye kabati la swichi, mara moja, kisha mara ya pili, na kona ya mlango wa chuma ilimpasua nyusi. Msumari aliruka na kumkumbatia mume mabegani. Mume aliinua hadubini na kumpiga nayo mdomoni, na jino la Msumari likaanguka kwenye sakafu nyeupe. Walinzi wawili walimtoa mume kwa kumburuta, shati limetoka kwenye suruali, anapiga kelele kwamba ana haki ya kushuhudia mpaka mwisho. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kabati la pili, mikono kifuani. Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka.

Polisi hawakuitwa. Wakaguzi wa hospitali walikuwa wamefika mapokezi.

*

Meneja alimpa mke kiti, na kitambaa cha karatasi cha kufuta damu, kisha akapanga kalamu.

"Kipimo chako nitakitumia," alisema. "Wewe siwezi kukutumia. Umempa mwenye zabuni habari za ndani."

"Na aliyenipasua uso ndani ya chumba chako?"

"Ameshatolewa nje."

"Na mimi?"

"Na wewe unatoka, mpaka uchunguzi uishe. Bila mshahara. Ndivyo kanuni inavyosema, si mimi."

Mke alisaini kukabidhi ufunguo. Mlangoni alimkuta Msumari, mdomo umefunikwa kwa pamba.

"Zile nyingine zikija, zisafishe zote, hata zilizofungwa," alimwambia. "Na ule mzunguko wa akiba usiukaze. Faiba ikipinda sana inavuja mwanga."

"Dada, usirudi nyumbani."

"Vyeti vyangu viko huko. Nikivikosa, hata huko kwingine nitakuwa mtu wa kufagia."

"Nije nawe?"

"Na mdomo huo? Nenda kashonwe."

Jirani wa ukuta mmoja na nyumba yao alikuwa mchomeleaji wa mageti. Mke alipopita alikuwa amepiga magoti kwenye cheche, miwani usoni. Aliinua miwani, akaona nyusi iliyopasuka, akasema, "Pole, jirani," kisha akaishusha tena.

Ndani, kabati la nguo lililokuwa na vyeti lilikuwa limefungwa na ufunguo haukuwa mahali pake.

"Ninao mimi," alisema mama mkwe kutoka sebuleni. Alikuwa amekaa kati ya makasha, redio mapajani. "Amenipigia simu. Kasema usitoke mpaka aje mzungumze."

"Mama, tazama uso wangu. Umeona mahali pamebaki pa kuzungumzia?"

Mama mkwe alitazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Ukiondoka hivi leo, watu watasema nini?"

"Watasema nimeondoka."

"Mimi sikuondoka," alisema mama mkwe.

Mke alitafuta bisibisi kwenye begi lake la kazi na kuanza kufungua bawaba za kabati. Skrubu zilikuwa za zamani na zimeshika kutu. Alikuwa amezitoa tatu, na mlango umeanza kulegea, aliposikia lango.

Mume alikuwa amepokea simu njiani. Jina lake lilikuwa limefutwa kwenye zabuni, na lisingeruhusiwa kwenye nyingine. Alipita sebuleni akapiga teke makasha. Safu ya juu iliporomoka, moduli zikatawanyika sakafuni na kulia chini ya viatu vyake kama kokoto. Mama yake alisema, "Baba, kaa kwanza, kunywa maji." Hakukaa.

Alimkuta mke chumbani, vyeti vikiwa kifuani ndani ya bahasha. Alimvuta kwa nywele mpaka jikoni. Njiani alimpiga kwa goti tumboni, naye mke alimchoma bisibisi kwenye paja. Iliingia kidogo; mume akaitoa, akaitupa chini ya jiko. Akafungua droo ya vijiko. Akaushika mkono wa kulia wa mke, akauweka ndani ya droo.

"Huu," alisema. "Huu ndio unaopima."

Sebuleni, mama mkwe alizungusha kitufe. Redio ikapanda. Palikuwa na matangazo ya mpira, uwanja umejaa.

Droo ilifungwa kwa teke. Mke alipiga ukelele ambao uwanja uliumeza. Mume alifungua droo, akaurudisha mkono uliokuwa unajitoa, akafunga tena. Vidole viwili vilivunjika hapo. Mama mkwe alikuwa amekuja mpaka mlango wa jikoni na redio mkononi, kwa kuwa iliendeshwa kwa betri na alikuwa na mazoea ya kuisogeza karibu. Aliona droo. Aliona kidole kidogo cha mkwe wake kimetazama upande ambao vidole havitazami.

"Mama, ongeza sauti," mume alisema bila kugeuka.

Redio ikazima.

Ukimya ulikuwa wa ghafla hivi kwamba mume aliinua kichwa. Kisha mke alipiga ukelele mwingine, na huo haukuwa na uwanja wa kuumeza; ulipita kwenye karatasi ngumu ya dirisha kama hakuna kitu, ukaenda uani, ukavuka ukuta. Upande wa pili, mashine ya kuchomelea ilinyamaza.

"Mama! Nimesema ongeza!"

Mama mkwe alifungua kifuniko cha nyuma cha redio. Betri zilianguka moja baada ya nyingine, zikabingirika chini ya jiko.

Mume alimpiga mama yake kofi. Bado alikuwa na mkono hewani dirisha lilipopasuka kwa mara ya pili siku hiyo, safari hii kuingia ndani: kasha la moduli lilichanika katikati, na mchomeleaji akapita na bomba la geti, magoti yake kwenye sinki. Bomba lilimpata mume begani na mfupa wa mtulinga ukavunjika kwa sauti iliyosikika. La pili lilimpata mbavuni. La tatu lilikuwa linashuka kichwani mke alipolishika kwa mkono wake mzima.

"Basi," alisema. "Jirani, basi. Amefika mwisho."

*

Hospitalini, mpokeaji alijaribu kufungua kumbukumbu za mke, zikafunguka. Daktari alihesabu vidole viwili na kifundo kimoja, akamshona nyusi, akamfunga plasta mpaka kiwiko. Bahasha ya vyeti ilikuwa chini ya mto wake, ina damu kwenye kona. Mume alilazwa upande mwingine wa korido, mkono wa kushoto umefungwa kifuani, askari mlangoni.

Askari wa pili, mwanamke wa makamo, alimhoji mchomeleaji kwenye benchi.

"Ulijuaje kuna mtu anauawa?"

"Redio ilizimwa."

"Sijaelewa."

Mchomeleaji alitazama viganja vyake. "Nyumba ile redio ikipanda, mtaa mzima tunajua. Tunafunga madirisha. Mimi huwasha mashine, hata kama sina cha kuchomelea." Alivifuta kwenye suruali. "Leo ilizimwa. Nikasikia. Ukishasikia, utafanyaje?"

"Kwa hiyo siku nyingine zote mlijua."

Askari aliinua uso, akatazama benchi lote, mpaka mwisho wake, alipokaa mama mkwe, shavu limevimba, redio tupu mapajani.

Kutoka ng'ambo ya korido mume aliita, "Mama! Waambie betri ziliisha. Mama, unanisikia?"

"Nani aliizima?" askari aliuliza.

"Mimi," alisema mama mkwe.